Wachungaji, Viwanja na Nyimbo Mia Nane

REHEMA: Haya, karibuni barazani. Mimi ni Rehema, mtoto wa Tanga, na pembeni yangu yuko Mwalimu Elinami wa Machame, mstaafu wa ualimu na mzee wa kanisa asiyestaafu. Shikamoo, Mwalimu.

ELINAMI: Marahaba, binti yangu. Hilo la mzee wa kanisa umelisema makusudi.

REHEMA: Makusudi kabisa. Leo tunazungumzia ugomvi wa kanisa, na mimi Muislamu sitaki kuuanzisha, nisije nikaambiwa nawasema watu. Uanze wewe mwenye nyumba.

ELINAMI: (anacheka) Ugomvi wenyewe si wa hapa. Ni wa Waholanzi waliohamia Michigan, Marekani, mwaka 1847. Ila ukinisikiliza utadhani nasimulia kikao fulani nilichokaa mpaka saa sita usiku.

REHEMA: Kwao walikimbia nini?

ELINAMI: Njaa na askari. Miaka ile ya 1845 na 1846 viazi vilioza shambani, na kwa maskini kiazi ndicho kilikuwa chakula. Lakini askari walitangulia njaa. Mfalme Willem wa Kwanza alikuwa amelipangia Kanisa la Uholanzi kanuni zake mwaka 1816, likawa kama idara ya serikali. Sasa kuna kijiji kinaitwa Ulrum, kaskazini kabisa. Mchungaji wake, Hendrik de Cock, akaanza kuhubiri ile imani ya zamani, watu wakamiminika kutoka vijiji vingine, wanamletea watoto awabatize. Wachungaji wenzake wakachukia. Akasimamishwa. Na moja ya makosa yake, hili ulishike vizuri, ni kwamba aliunga mkono kijitabu kilichozishambulia nyimbo mpya za kanisa.

REHEMA: Nyimbo?

ELINAMI: Nyimbo. Wao walizoea kuimba Zaburi tu. Mwanzoni mwa karne ile ya 19 wakubwa wakaleta kitabu cha tenzi na kila mchungaji akatakiwa azitumie. Kwa hiyo mtu wa Ulrum akisikia tenzi kanisani, anachosikia ni sauti ya serikali. Oktoba 1834 usharika wa de Cock ukajitenga. Wenyewe waliita Afscheiding, yaani kujitenga. Serikali ikachomoa sheria ya enzi za Napoleon iliyokataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 bila kibali. Watu wakapigwa faini, wakalazwa rumande, nyumba zao zikajazwa askari wa kulisha.

REHEMA: Yaani askari anakuja kukulinda usisali, na bado unampikia.

ELINAMI: Unampikia. Sasa katika vijana wa harakati ile alikuwapo Albertus van Raalte, mzaliwa wa 1811, mtoto wa mchungaji. Alipomaliza masomo, kanisa la serikali likagoma kumwekea mikono kwa kuwa alikuwa na shaka na zile kanuni. Akaenda kwa waliojitenga. Na hapo kuna jambo litakalokufurahisha wewe mtu wa pwani: wachungaji watatu wa kundi lile, van Raalte, Brummelkamp na van Velzen, walioa ndugu wa nyumba moja, mabinti wa familia ya de Moen.

REHEMA: Wanyumba watupu! Basi hapo kikao cha kanisa ni kikao cha ukoo.

ELINAMI: Na mwingine, Hendrik Scholte, tajiri wa Amsterdam. Huyo aligombana na wenzake mapema sana. Mwaka 1840 waliojitenga wakamvua uchungaji. Kanisa lina miaka sita tu tangu litoke kwenye kanisa, tayari linafukuza waasisi.

REHEMA: Mwalimu, twende Marekani.

ELINAMI: Van Raalte alifika New York mwishoni mwa 1846 na kundi lake, na Februari 1847 wakaingia kwenye msitu karibu na Black Lake, magharibi mwa Michigan. Mji wakauita Holland. Lakini usidhani ilikuwa ardhi tupu. Waottawa, wenyeji wa asili, walikuwa na kijiji chao na misheni palepale. Wageni wakazidi kumiminika, na mwaka 1849 Waottawa wale wakahamia kaskazini. Kwenye sherehe za mji hilo huwa linasemwa kwa haraka haraka.

REHEMA: Kama kwingine kote.

ELINAMI: Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kilio. Kinamasi, homa za mbu, ndui. Watu walikufa mpaka walio hai wakaona haya kuhesabu. Van Raalte alikuwa mchungaji, na pia ndiye aliyewagawia dawa. Watoto waliofiwa wakawa wengi, ikaamuliwa ijengwe nyumba ya yatima. Ikajengwa. Unajua ilipata yatima wangapi?

REHEMA: Wangapi?

ELINAMI: Hakuna hata mmoja. Familia, nazo hazina kitu, zilikuwa zimeshawachukua watoto wote. Jengo likaja kutumika kwa shule. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele huko utawasikia watu haohao wakinyimana mkono.

REHEMA: Subiri. Mchungaji, daktari... na ardhi nani aliinunua?

ELINAMI: Nilijua utafika hapo.

REHEMA: Mimi mtoto wa mfanyabiashara. Nauliza hati ina jina la nani.

ELINAMI: Sehemu kubwa ya kiwanja cha mji ilipitia mikononi mwa van Raalte. Alinunua, akapima, akauza. Hakujificha; bila yeye wasingepata mkopo. Lakini Jumapili mtu anakuhubiria, Jumatatu unamdai au anakudai. Scholte ndiye aliyefika mbali zaidi. Yeye alipeleka watu wake kama 800 Iowa mwaka huohuo 1847, akaanzisha mji wa Pella. Alinunua ekari zipatazo 18,000. Mchungaji, dalali, mwanasheria, na baadaye mwenye gazeti, wote mtu mmoja. Katikati ya miaka ya 1850 ugomvi wa viwanja na usharika wake ukakua mpaka wakamsimamisha. Akajenga kanisa lake mwenyewe, akawa anahubiria wachache waliomfuata.

REHEMA: Huku kwetu ukisikia "kanisa limegawanyika kwa sababu ya mafundisho", muulize kwanza mhasibu.

ELINAMI: Kwa Scholte nakubali. Kwa Michigan nakataa, Rehema. Viwanja vilikuwepo, wivu ulikuwepo, ila kilichowachana ni kitu kingine. Mwaka 1849 akaja mgeni kutoka mashariki, mchungaji Isaac Wyckoff wa Albany, wa lile Kanisa la Kiholanzi la Marekani. Hilo ni kongwe, tangu 1628, enzi New York ikiitwa New Amsterdam. Waliposikia wahamiaji wanakufa walileta pesa na vitabu. Wyckoff akasema, kwa nini tusiwe kitu kimoja? Wahamiaji wakasita: tumetoka kwenye kongwa juzi. Akawajibu kwamba siku wakiona muungano unawadhuru kiroho, watakuwa huru kuaga kindugu na kuondoka.

REHEMA: Ayaa. Hilo neno litamrudia.

ELINAMI: Litamrudia. Mwaka 1850 wakaungana, van Raalte ndiye aliyelisukuma. Shida ni kwamba Waholanzi wa mashariki walikuwa na miaka zaidi ya 200 nchini. Wanaongea Kiingereza, wanaimba nyimbo chungu nzima. Walipowakaribisha wageni wa madhehebu mengine kwenye Meza ya Bwana, yaani ule mkate na divai, hawakuona tatizo. Mkulima wa kijiji cha Graafschap akisikia habari hizo anasema: hiki si ndicho kitu kilichotufanya tulishe askari?

REHEMA: Kwa hiyo nyimbo zikarudi.

ELINAMI: Zikarudi na hesabu yake! Kulikuwa na mzee mmoja, Gijsbert Haan, aliyewahi kuishi mashariki kabla ya kuja Michigan. Akawa anazunguka na kusimulia aliyoyaona huko. Tarehe 8 Aprili 1857 kikao cha sharika za eneo, wao wanaita klasisi, kikapokea barua nne za kuondoka: Graafschap, Noordeloos, Polkton na kundi la Grand Rapids. Wa Graafschap waliorodhesha: nyimbo 800 zilizoingizwa kinyume cha utaratibu, Meza ya Bwana kufunguliwa kwa kila mtu, katekisimu kuachwa, nyumba za waumini kutotembelewa. Halafu wakasema jambo linalowahuzunisha kuliko yote: ndani ya kanisa hili wako watu wanaoona kujitenga kwetu kule Uholanzi hakukuwa na ulazima.

REHEMA: Hmm.

ELINAMI: Hapo ndipo mimi naona moyo wa jambo. Nyimbo unaweza kuzivumilia, ukafumba mdomo ukisubiri Zaburi. Lakini mtu aliyefungwa, aliyeuza ng'ombe kulipa faini, aliyezika watoto njiani, unamwambia kwa upole kabisa kwamba yale yote hayakuwa lazima? Hata kama hukusema kwa ubaya.

REHEMA: Ni kama umemnyang'anya marehemu wake.

ELINAMI: Na van Raalte alikuwa katika mtego. Atawaambiaje kujitenga ni dhambi, wakati yeye mwenyewe ni mchungaji kwa sababu alijitenga? Alilia umoja, ila kila hoja yake ilikuwa imeshajibiwa na yeye mwenyewe miaka 20 kabla.

REHEMA: Na ile ahadi ya Wyckoff?

ELINAMI: Waliitaja, ndiyo. Tuliambiwa tuko huru kuaga, tunaaga. Isipokuwa mchungaji wa Noordeloos, Koene van den Bosch, barua yake haikuwa na kuaga kindugu kokote. Aliandika kwamba hawezi kuwatambua kuwa kanisa la kweli, basi. Mchungaji mwingine aliyetoka nao, Klijn, alirudi upesi alikotoka, kwa hiyo kwa miaka kadhaa van den Bosch alikuwa mchungaji pekee wa kanisa zima jipya.

REHEMA: Mmoja tu? Kanisa zima?

ELINAMI: Anazunguka kwa miguu na mikokoteni. Ndiyo mwanzo wa Christian Reformed Church. Wakati ule ungedhani ni moshi wa kupita.

REHEMA: Haukupita.

ELINAMI: Ulipata kuni mpya. Frimasoni.

REHEMA: Acha! Hao wa matangazo ya nguzo za umeme, "piga namba hii upate utajiri"?

ELINAMI: (anacheka sana) Si wa nguzo za umeme. Hawa ni wenyewe, chama cha siri chenye viapo na ibada zake. Mashariki, mtu wa heshima kanisani kuwa Frimasoni lilikuwa jambo la kawaida. Michigan lilikuwa chukizo: huwezi kuapa kwa siri kwenye loji na ukaja kwenye Meza ya Bwana. Wakaomba sinodi kuu, yaani mkutano mkuu wa kanisa, iseme wazi. Mwaka 1880 sinodi ikakataa kuweka kanuni, ikasema kila usharika na wazee wake waamue.

REHEMA: Jibu la kamati.

ELINAMI: Jibu la kamati hasa. Sharika zikaanza kutoka tena. Na sasa sikia hili. Van Raalte alijenga kanisa kubwa la mbao katikati ya Holland, lilikamilika 1856, lenye nguzo nyeupe mbele. Linaitwa Pillar Church. Mwaka 1871, usiku uleule Chicago ilipoungua, Holland nayo iliungua karibu yote. Kanisa lile likapona. Mwenyewe alifariki 1876. Mwaka 1882 wengi wa usharika wake wakapiga kura kujitenga, na jengo wakabaki nalo. Wachache waliotaka kubaki katika muungano wake ndio waliotoka nje kutafuta pa kusalia. Miaka miwili baadaye jengo la van Raalte likawa la wale waliomkataa.

REHEMA: Bora alikuwa ameshalala.

ELINAMI: Pigo jingine likatoka nyumbani. Kanisa la waliojitenga kule Uholanzi likaacha kuwaelekeza wahamiaji kwenye kanisa la mashariki, likawaelekeza kwa hawa wa Christian Reformed Church. Na miaka ile ndiyo meli zilikuwa zinajaa. Yule mchungaji mmoja wa mkokoteni akawa na kanisa kubwa nyuma yake.

REHEMA: Mwalimu, uliniahidi kitu cha Muscat, huko Oman aliko shangazi yangu, kabla hatujaanza.

ELINAMI: Eeh, ulitaka kitu cha shangazi yako. Katika vijiji vilevile vya Waholanzi, kuna kimoja kinaitwa Vriesland. Hapo alizaliwa Samuel Zwemer mwaka 1867, mtoto wa mchungaji wa upande uliobaki katika muungano. Alisoma Hope College, chuo kilichotokana na shule za van Raalte pale Holland, kisha akaenda Ghuba kuanzisha misheni. Mdogo wake Peter akakaa Muscat. Mwaka 1896 Waingereza waliwanasua wavulana 18 wa Kiafrika mikononi mwa wauza watumwa, wakamkabidhi Peter. Akawafungulia shule nyumbani kwake. Alifariki miaka miwili baadaye, kijana bado.

REHEMA: Wavulana 18. Hao wangetoka kwetu huku, Mwalimu. Mrima au chini zaidi.

ELINAMI: Mwambao huuhuu.

REHEMA: Basi hapo mimi nanyamaza kidogo... Watu wako Michigan wanahesabu nyimbo, na wakati huohuo mtoto wao anapokea watoto wetu bandarini.

ELINAMI: Na waliohesabu nyimbo ndio walewale wasioacha yatima hata mmoja kwenye nyumba ya yatima. Mimi siwezi kuwagawa.

REHEMA: Nani sasa ana lile jengo la nguzo?

ELINAMI: Tangu 2012 ni la wote wawili. Usharika mmoja, umeandikishwa katika makanisa yote mawili.

REHEMA: Na wanaimba nini?

ELINAMI: Hilo usiniulize mimi, nitaanzisha ugomvi wa tatu.

REHEMA: Haya, asanteni wasikilizaji. Mimi namtafuta shangazi Muscat, nimuulize kama amewahi kusikia habari za shule hiyo. Mwalimu, kikao chenu cha kesho saa ngapi?

ELINAMI: Saa tisa. Ajenda ya kwanza, vipaza sauti vya kwaya.