Nimekunywa chai kwa mkopo Ahmedabad, simu imegoma kulipa!

Haya watu wangu wa Tanga, Dar na kwingineko, sauti inafika? Honi mtanisamehe, hapa honi ndiyo salamu. Niko Ahmedabad, jimbo la Gujarat, India. Hii nyuma yangu wenyewe wanaiita riksha. Juzi nimesimama barabarani naita "bajaji, bajaji!" Dereva akasimama, akanionyesha nembo ya kampuni pale mbele, kama anayeniuliza: unanunua au unapanda?

Leicester, Uingereza, ninakoishi nina jirani, bibi mmoja mzaliwa wa Kampala. Ukoo wao ni wa huku, na walikuwa kati ya waliofukuzwa na Amin mwaka 1972. Kiswahili hajakiacha. Kila siku, "Mwanangu, nenda ukaone walikotoka wazee wetu." Basi nimekuja.

Sogeeni muione hii meza ya chai. Sufuria imekuwa nyeusi tii, tangawizi inapondwa kwa jiwe, vikombe vidogo kama vya kahawa yetu ya barazani. Sasa hicho kikadi kilichofungwa nailoni, kina madoa ya maziwa, ndiyo lipa namba yao. Mteja anaskani, halafu kispika kidogo kinatangaza kwa sauti kiasi kilichoingia. Muuzaji hata hageuki, anaendelea kukoroga. Mfumo wenyewe unaitwa UPI, umeanza 2016. Benki yako iwe yoyote, yake iwe yoyote, pesa inafika hapo hapo na wewe mlipaji hukatwi kitu. Sisi M-Pesa tunayo tangu 2008, tuliwatangulia, lakini makato jamani! Hapo wametupita, tukubali.

Simu yangu ya Uingereza ikagoma. Mfukoni nina noti ya rupia mia tano, na saa moja asubuhi nani ana chenji? Akanipungia mkono: kunywa, utalipa kesho.

Hiyo noti itazameni kwa karibu. Thamani yake imeandikwa kwa lugha 17, na katiba yao inazitaja 22. Pale mezani penyewe muuzaji katoka jimbo la Rajasthan, kijana aliye pembeni yangu katoka jimbo la Bihar, anafanya kibarua kwenye nguzo za reli ya treni ya kasi ya kwenda Mumbai, kilomita 508. Mzee mwenye gazeti ni Mgujarati, analalamikia bei za nyumba. Simwelewi hata kidogo, mara nikasikia "laki". Laki! Ile ile yetu ya kwenye mahari. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Sasa msije mkasema nasifia tu. Nilitafuta chumba cha wiki mbili. Mwenye nyumba kanikaribisha vizuri, maji ya baridi nikapewa, kisha swali la kwanza: unakula nyama? Nikamjibu mimi mtu wa Tanga, samaki nitamwacha wapi. Akatabasamu, akanirudisha mlangoni. Nilipouliza watu nikaambiwa hayo ni ya kawaida, na yapo majengo wanayoangalia dini yako, mengine tabaka lako. Ile noti inaingia nyumba zote, mimi nimeishia kwenye maji. Na yule kijana wa Bihar analala huko huko wanakojenga.

Nikaenda kujipoza kwenye msikiti wa Sidi Saiyyed, wa mwaka 1573. Aliyeujenga asili yake Uhabeshi, Mwafrika mwenzetu. Dirisha lake ni jiwe lililochongwa mti, matawi yamesukana kama ukili wa mkeka. Nimekaa pale hadi mlinzi akaanza kuniangalia.

Leo asubuhi nimerudi na deni langu, sarafu za rupia kumi. Kispika hakitangazi sarafu, si ndiyo? Basi muuzaji akaziweka kwenye kopo, akabana pua, akatangaza mwenyewe: "Rupia kumi zimepokelewa!" Mzee wa gazeti almanusura amwage chai.