Kutoa rangi ya machungwa kwenye taa za kona za Kikumi, nyumbani kwako

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa wote shikamooni. Leo tunashughulika na taa za kona, hizi za pembeni mwa taa kubwa zinazobeba indiketa. Tunataka ile rangi ya machungwa itoke, kibaki kioo cheupe kitupu. Gari ni Kikumi, yaani Toyota Corolla 100, na Kikumi hapa Uganda hakihitaji utambulisho. Ukikivisha kona nyeupe uso wote unachangamka, hasa kama bodi ni nyeupe au ya fedha. Kwenye gari nyekundu mimi huiacha machungwa yake, inapendeza zaidi.

Kabla hujashika bisibisi, itazame taa yako. Ziko za aina mbili. Kuna ambayo kioo cha nje ni cheupe tangu kiwandani, na machungwa ni kipande cha plastiki kilichokaa ndani, mbele ya balbu. Hiyo ndiyo tunayoifungua leo. Nyingine kioo cha nje chenyewe ndicho cha machungwa. Hapo rangi imo ndani ya plastiki, hakuna msasa wala dawa itakayoitoa. Nenda soko la Kisekka, Kampala, kwa watu wa spea ukatafute pea nyeupe, yameisha. Kuzitofautisha, igeuze taa juani uichungulie kwa ubavuni. Ukiona nafasi kati ya kioo na rangi, ni yenyewe.

Ushauri wangu mwingine: nunua pea ya mitumba uifanyie kazi hiyo, zilizo kwenye gari ziendelee kukaa. Gari isikose indiketa hata siku moja, maana bodaboda aliye ubavuni kwako atajuaje kwamba unakata kona?

Kutoa ni rahisi. Boneti juu, skrubu ya nyota hii hapa, toa, vuta taa kuelekea mbele iachie klipu. Zungusha soketi, toa balbu, toa na mipira ya nyuma. Haya.

Sasa joto. Oveni si kila nyumba inayo, na umeme unakatika ukiwa katikati ya kazi. Mimi natumia sigiri na sufuria kubwa. Chini ya sufuria tandika kitambaa kizito, kioo kisiguse bati. Na kuna jambo linalotusaidia: Kampala iko juu, zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Vioo vingi vya taa za kona ni akriliki, aina ya plastiki, na akriliki inaanza kulegea karibu na nyuzi 105. Gundi inalainika, kioo kinabaki salama.

Ingiza taa kifudifudi, kioo kikiangalia chini. Maji yapite kidogo tu ule mshono wa gundi, matundu ya nyuma yabaki juu ya maji. Yakiingia ndani umejiongezea kazi. Vaa glavu, ishikilie maana inaelea, dakika 5 hadi 7.

Toa, na ufanye haraka kabla gundi haijapoa. Bisibisi bapa, ncha nimeizungushia tepu ya umeme isikwaruze. Anzia hapa penye ukingo mwembamba, bana taratibu. Mnaona? Gundi nyeusi inavutika kama chingamu. Endelea kuzunguka... endelea... hapa panagoma. Mdogo wangu, leta kamera karibu. Karibu zaidi. Hapo. Mnaona huu ulimi mdogo wa plastiki chini ya ukingo? Huo ni kufuli. Ukilazimisha hapa kioo kinapasuka pembeni, na ufa wa pembeni haufichiki. Tunarudisha kwenye maji dakika 2, halafu tunausukuma ulimi kwa ndani kwanza. Hivi. Umeachia. Kimetoka.

Simameni hapa wote. Hii sehemu ya ndani inayong'aa fedha, usiiguse. Si kwa kidole, si kwa kitambaa laini, si kwa pamba. Ile fedha ni utando wa alumini mwembamba mno, unafutika ukipanguswa. Ikishafutika panabaki doa jeusi, na kwa kioo cheupe doa hilo litaonekana mchana kweupe.

Kipande cha machungwa kimeshikwa na vichwa viwili vya plastiki vilivyoyeyushwa. Nakata kwa wembe, polepole, taa nikiwa nimeiinamisha ili vipande vianguke nje. Kimoja... na cha pili. Angalia, chembe moja imeangukia kwenye fedha. Mkono wako utataka kuipangusa. Usiiguse! Geuza taa, gonga mgongoni, au puliza kwa pampu ya mpira. Imetoka.

Kioo peke yake kioshe kwa maji ya sabuni, kikauke kivulini. Tinner na petroli viweke mbali, vinaacha nyufa ndogo ndogo ndani ya akriliki.

Kufunga: gundi ya zamani inatosha kama haijaingia vumbi. Pasha mshono tena kwa mvuke wa sufuria, kandamiza mpaka ulimi ulie ta!, halafu funga kwa mikanda ya tyubu ya baiskeli mpaka ipoe kabisa. Ukihitaji kuongeza, tafuta gundi nyeusi ya taa. Ile silikoni inayonuka siki usiitumie, mvuke wake una asidi na unaila ile fedha niliyowaambia msiiguse. Tundu dogo la kupumulia lililoko nyuma usilizibe, ndilo linalotoa unyevu.

Sasa balbu, na hapa naomba mnisikilize. Kioo kimekuwa cheupe, lakini mwanga wa indiketa lazima ubaki wa machungwa. Kanuni namba 6 ya Umoja wa Mataifa ndivyo inavyosema, na mtu anayevuka barabara jioni anaitegemea rangi hiyo. Kwa hiyo balbu yenyewe iwe ya machungwa: soketi ya kuchomeka ni WY21W, soketi ya kuzungusha ni PY21W, zote volti 12, wati 21. PY21W vipini vyake viwili, yaani vile vijichuma vya ubavuni mwa balbu, havitazamani sawasawa, vimepishana nyuzi 150, kwa hiyo haiingii kwenye soketi ya balbu nyeupe ya kawaida. Watu huchonga kipini kwa tupa. Msifanye hivyo, badilisheni soketi.

Za LED mimi sizipendi kwa kazi hii. Zinavuta umeme kidogo, flasha ya zamani, kile kifaa kinachowasha na kuzima indiketa, inadhani balbu imeungua, indiketa inaanza kukimbia. Inatakiwa iwake kati ya mara 60 na 120 kwa dakika.

Rudisha taa, skrubu, washa indiketa. Ee! Ikizima kioo ni maji matupu, ikiwaka machungwa yamejaa. Imwagie maji ya mpira kutoka juu, kesho asubuhi uitazame. Ukungu mwepesi unaotoka jua likipanda hauna shida. Matone yakisimama ndani, mshono umeacha nafasi, rudia sufuria.

Balbu za machungwa na soketi zake ninazo, za aina zote mbili. Kabla hujaagiza, nitumie picha ya soketi yako kwa mbele, mahali pa kuingilia balbu paonekane.