Dini na Ulinzi Katika Karatasi Moja: Hati za Maombi za Kaunti za Uingereza, 1640–1642

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Habari za Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge lake mnazijua, sitazirudia. Bunge lilikutana tarehe 3 Novemba 1640. Mfalme akapandisha bendera ya vita dhidi ya Bunge hilo mjini Nottingham tarehe 22 Agosti 1642. Nataka tukae hapo katikati, kwenye miezi ishirini na kitu ambamo karibu kila kaunti ya Uingereza ilipeleka Westminster, kwenye Bunge, hati ya maombi. Kaunti nyingine zilipeleka mbili, nyingine zikapeleka hati zinazopingana.

Nina hoja moja. Waliokwisha kunisikia wanaijua, na leo wataisikia tena, maana kosa lenyewe halijakoma. Kila nikifungua maandishi juu ya hati hizi nakuta zimetiwa kwenye mafungu mawili: hizi za dini, hizi za ulinzi. Za dini anapewa mtu wa historia ya kanisa, za ulinzi anapewa mtu wa historia ya vita, na kila mmoja anakata kipande chake na kwenda nacho. Ukikata hivyo, hati haisomeki tena.

Chukueni hati za Januari na Februari 1642. Zinaomba maaskofu na malodi Wakatoliki waondolewe kura katika Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge. Zinaomba Wakatoliki wanyang'anywe silaha. Zinaomba ufalme uwekwe tayari kujilinda, na Waprotestanti wa Ireland wapelekewe msaada. Msomaji wa leo anahesabu madai manne. Mtu wa Essex au Hertfordshire aliona dai moja lenye hatua nne, na hatua hazikuweza kupanguliwa.

Fuateni mpangilio. Tarehe 23 Oktoba 1641 Wakatoliki wa Ireland waliasi. Mwanzoni mwa Novemba habari zikafika London, na wachapaji wakajaza mji vijitabu vya mauaji, vya kweli na vya kutiwa chumvi. Jeshi lilihitajika. Nani aliongoze? Mfalme? Wengi hawakumwamini, na tarehe 4 Januari 1642, alipoingia Baraza la Makabwela, baraza la wabunge wa kuchaguliwa, na watu wenye silaha kuwakamata wabunge watano, imani iliyobaki ikapungua zaidi. Basi Makabwela wakataka mgambo wa kaunti uwe chini ya watu walioteuliwa na Bunge. Ili jambo hilo lipite lilihitaji kibali cha Malodi. Na kwa Malodi walikaa maaskofu 26, wateule wa mfalme, pamoja na malodi Wakatoliki. Umeona sasa? Mwenye kiwanja huko Essex aliyetaka baruti kwenye ghala la kaunti yake ilimlazimu kwanza aombe askofu atoke Baraza la Malodi. Kwa kura zile, askofu alikuwa kikwazo cha ulinzi, sembuse kanisani.

Na mambo yakaenda kwa mpangilio huo huo. Tarehe 25 Januari John Pym, kiongozi wa Makabwela, aliwapelekea Malodi hati za London, Middlesex, Essex na Hertfordshire, akazitumia kuwabana. Tarehe 13 Februari sheria ya kuwaondoa maaskofu ikapata idhini ya mfalme. Tarehe 5 Machi Amri ya Mgambo ikapitishwa na mabaraza yote mawili, bila mfalme. Kiti cha askofu, kisha bunduki. Anayezigawa hati mafungu mawili hawezi kueleza kwa nini hiki kilitangulia kile.

Lugha yetu yenyewe inakataa mgawanyo huo. Tukisema "maombi", asiyesikia sentensi yote hajui kama tunamwomba Mungu au tunaliomba Bunge. Na hati zile zilikuwa na desturi ya kumalizia kwa ahadi kwamba waombaji watazidi kumwombea dua mwombwaji.

Najua kuna atakayesema: hati hizi ziliandikwa na watu wa Pym wenyewe, kaunti zilitia sahihi tu. Ni kweli maneno yanafanana mno kati ya kaunti na kaunti, na nakala za hati zilizochapishwa London zilisomwa mikoani zikaigwa. Lakini someni hadi mwisho. Essex inalia na biashara ya nguo iliyolala, kwa sababu Colchester na Coggeshall waliishi kwa kufuma na kuuza ng'ambo. Buckinghamshire, waliopanda farasi kwa maelfu na kufika tarehe 11 Januari, walikuja kwa ajili ya John Hampden, mbunge wao, mmoja wa wale watano. Maneno ya jumla yaliazimwa. Shida za kwao hawakuazima popote.

Sasa twendeni kwenye ukurasa ambao wengi wenu mnauruka, ukurasa wa majina. Wanafunzi husoma madai, wakifika kwenye majina wanafunga jalada. Hapo ndipo kazi inaanzia.

Hati haikuzaliwa kijijini. Mara nyingi iliandikwa na mabwana wachache mji mkuu wa kaunti, siku za majaji wa mzunguko, ambao walikuja mara mbili kwa mwaka, au siku za vikao vya mahakimu vya kila robo mwaka. Sababu ni nyepesi: siku hizo ndizo wakubwa wa kaunti walikuwa mahali pamoja, na jopo kuu, wale wenye ardhi walioapishwa kuamua mashtaka yapi yaende mbele, lilikuwa limekaa. Jopo kuu lilihesabiwa kuwa sauti ya kaunti. Hati ikipitia kwake ilipata heshima ambayo hati ya baa haikuipata.

Baada ya hapo zikaandikwa nakala. Nakala ilishuka kwa konstebo mkuu wa tarafa, kutoka kwake kwa makonstebo wa vijiji. Au ilipita kwa makasisi, ikasomwa baada ya ibada ya Jumapili, wanaume wakatia sahihi kanisani hapo hapo. Karatasi za kila parokia zikarudi, zikapangwa, zikaunganishwa nyuma ya hati mama. Kisha msafara ukaenda Westminster, mbunge wa kaunti akaiingiza barazani, na siku chache baadaye mchapaji alikuwa akiiuza barabarani.

Angalieni maungio. Kila penye ungio pana pa kuharibikia. Ungio baya kuliko yote ni kati ya maneno na majina, kwa kuwa viliandikwa kwenye karatasi tofauti. Clarendon, mtu wa mfalme aliyeandika historia ya vita hivi, analalamika kwamba watu walitia sahihi hati ya upole, kisha hati ikakatwa, majina yakabandikwa chini ya hati kali. Alikuwa na upande wake, sawa. Lakini tuhuma yake iliwezekana kimwili, na ndiyo maana ukipata karatasi ya majina jambo la kwanza ni kutazama kama maneno ya ombi yameandikwa tena juu yake. Kama yameandikwa, waliosaini waliona walichosaini. Kama juu ni kweupe, uliza.

Kosa la pili ni la wasomaji wa leo. Wanaona safu nzima ya majina kwa mwandiko mmoja, wanapaza sauti: "Ya kughushi!" Subirini. Wengi vijijini hawakujua kuandika. Wengine waliweka alama, wengine walimwambia kasisi, konstebo au karani aandike jina lao, na kwa watu wa wakati ule huko kulikuwa kutia sahihi. Mwandiko mmoja haukuhukumu mtu. Kinachotia shaka ni majina yanayofuatana kama yanavyofuatana kwenye orodha ya kodi, maana hapo huenda karani alinakili daftari badala ya kuuliza watu.

Na kipimo tunacho. Mapema mwaka 1642 Bunge liliagiza wanaume wote wa miaka 18 na zaidi wale kiapo cha kuilinda dini ya Kiprotestanti, mfalme na haki za Bunge, kiapo kilichotungwa Mei 1641. Parokia nyingi zilirudisha majina, na orodha zake nyingi bado zimehifadhiwa. Basi ukiwa na hati ya parokia fulani, iweke kando ya orodha ya kiapo ya parokia hiyo hiyo. Utaona ni sehemu gani ya wanaume ilitia sahihi na nani alikosekana. Kwa wenye mali, ongeza orodha za kodi. Ni kazi ya siku nyingi, hakuna njia ya mkato. Na tahadhari ya kalenda, kwa sababu nimeona tasnifu nzima imepinda kwa ajili yake: mwaka wao ulianza 25 Machi. Hati iliyoandikwa "Januari 1641" ni ya Januari 1642 kwa hesabu yetu. Ukiikosa hiyo, hati inayotaja uasi wa Ireland itaonekana imetangulia uasi wenyewe.

Idadi zilizochapishwa msiziamini hivi hivi. Hati ya London ya tarehe 11 Desemba 1640, iliyotaka uaskofu ung'olewe mizizi na matawi, ilitajwa kuwa na sahihi 15,000. Cheshire, Februari 1641, Sir Thomas Aston alipeleka hati ya kuwatetea maaskofu akidai zaidi ya watu 6,000 wa kawaida, juu ya mabwana na makasisi. Ikatoka hati ya kupinga, ikachapishwa na majina yakidaiwa takriban mara mbili ya yake kwa kila daraja. Kila daraja! Hesabu ikilingana vizuri namna hiyo, msomaji ashike kalamu yake kwanza.

Na kwa Aston nijibu lile swali la kila mara: je, hawa wote si Wapuritani tu, wale Waprotestanti wakali waliotaka kanisa litakaswe? Sivyo. Zaidi ya kaunti 20 zilileta hati za kutetea maaskofu au Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza, na majina yake yalikusanywa kwa njia zile zile, parokia kwa parokia.

Kent ndiyo shule ya haya yote. Januari 1641 mbunge wao, Sir Edward Dering, aliwasilisha hati ya Kent dhidi ya maaskofu, na Mei mwaka ule ule yeye ndiye aliyeingiza barazani muswada wa kuwang'oa. Kisha akageuka. Februari 1642 Makabwela wakamfukuza kwa kuchapisha hotuba zake. Machi 25, mjini Maidstone, siku za majaji wa mzunguko, yuko kwenye jopo kuu, na pamoja na Sir Roger Twysden na wenzake wanapitisha hati inayotaka uaskofu uhifadhiwe na mgambo upangwe kwa sheria yenye idhini ya mfalme. Tazameni tena: uaskofu na mgambo, karatasi moja! Upande wa mfalme nao haukuvitenganisha. Baadhi ya wanajopo walipinga, habari zikafika London. Jaji Thomas Malet, aliyeendesha kikao, akafungwa katika Mnara wa London kwa sababu nakala ilikuwa mikononi mwake. Walioongoza wakaitwa kujibu, na Aprili Bunge likaagiza hati ichomwe na mnyongaji.

Kwa nini mnyongaji, kwa karatasi? Kwa sababu hati ile ilifuata njia zote halali. Ilipita kwa jopo kuu, mbele ya jaji, katika mji wa kaunti. Isingeweza kudharauliwa kama ya wahuni. Na maneno yake yakiwa halali, Amri ya Mgambo ya Machi 5 ingekuwa haina mguu wa kusimamia. Bado watu wa Kent hawakukoma. Walikusanyika Blackheath tarehe 29 Aprili, kesho yake mshairi Richard Lovelace akaipeleka hati barazani, akafungwa gereza la Gatehouse, na mwenzake Sir William Boteler akafungwa gereza la Fleet. Mwezi Mei Kent nyingine ikaja na hati ya kuikana ya kwanza. Kwa hiyo mtu akiwaambia "Kent ilitaka hivi", mwulizeni Kent ya mwezi gani.

Muda umenitupa mkono. Nilitaka kusema juu ya wanawake wa London waliofika mlangoni mwa Bunge mwezi Februari 1642 wakiongozwa na Anne Stagg, mke wa mpika pombe, na Pym akatoka kuwajibu tarehe 4. Nilitaka pia kusema juu ya Heworth Moor karibu na York, tarehe 3 Juni, ambapo mfalme alikataa kupokea hati na Sir Thomas Fairfax akaiweka kwenye tandiko la farasi wa mfalme. Yatasubiri.

Lakini siwezi kuondoka bila sheria ya 1661 ya kubana hati za maombi, kwa sababu ilitungwa na watu waliokumbuka kila ungio nililowatajia. Sahihi zisizidi 20: hapo zimekufa zile karatasi za parokia. Zikizidi, hati ya kaunti iidhinishwe kwanza na mahakimu wa amani watatu au zaidi, au na wengi wa jopo kuu: konstebo na kasisi wametolewa njiani, na mlango uliobaki ni ule ule Kent waliopitia Maidstone. Wanaoiwasilisha wasizidi 10: hapo umekwisha msafara wa Buckinghamshire. Mwenye kukiuka, faini ya hadi pauni 100 na kifungo cha miezi mitatu.