Mhusika na Kibwagizo Chake

Shikamooni wazee wangu mlioketi mbele. Vijana, habari za jioni. Ndaga fijo kwa kutoka majumbani na baridi hii ya Mbeya. Naona wengine mmejifunika mpaka masikioni, kwa hiyo nikichosha mtalala bila mimi kujua.

Nimeombwa nizungumzie vibwagizo vya wahusika katika tamthilia za televisheni. Mnavijua: yale maneno ambayo mhusika hayaachi, kila akitokea lazima ayatamke, na kesho yake unayasikia kwa makonda wa daladala za Uyole na kuyaona kwenye stetasi ya shangazi yako. Mnataka kujua kama yanaijenga tamthilia au yanaibomoa. Nijibu mapema, ili mwenye kuwahi gari aondoke na chake. Kibwagizo kinajenga pale mhusika anapokitumia kumpata mwenzake: kumtisha, kumlaghai, kumkwepa. Kikiwa kazi yake ni kutuchekesha sisi tulio sebuleni tu, kinabomoa. Kanga ikiwa imekunjwa dukani, maneno yake ni mapambo. Ivaliwe siku ambayo mke mwenza anapita uani, hapo imesema.

Mfano wangu wa kwanza ni wa Marekani, mniwie radhi, maana sijaona aliyekitumia kibwagizo kwa akili zaidi. Ni yule mpelelezi Columbo aliyeigizwa na Peter Falk. Tamthilia yake ilianza kurushwa kama mfululizo mwaka 1971. Muuaji tunaonyeshwa mwanzoni kabisa, hivyo hatusumbuki kumtafuta. Tunasubiri kuona atanaswaje. Columbo anakuja na koti lake la mvua lililokunjamana, anauliza maswali ya kizembe, anaaga. Anafika mlangoni. Muuaji anashusha pumzi. Ndipo mzee anageuka: kuna kitu kimoja tu kimebaki. Na hicho kimoja ndicho kinachouma.

Angalieni ufundi wake. Kila sehemu ina muuaji mpya, kwa hiyo maneno yale kwake ni mageni. Sisi tumeyasikia mara nyingi, yeye hajawahi. Tunamwona anaingia mtegoni huku tunaujua mtego. Kibwagizo kimetupa sisi siri ambayo mhusika hana, na hapo ndipo penye utamu.

Sasa kichukueni kibwagizo hichohicho mkipeleke kwenye tamthilia zetu za kila wiki, ambamo watu walewale wanakutana mwaka mzima: mama mkwe, wifi, shemeji, bosi na jirani. Mama mkwe ana msemo wake. Ameusema mezani, msibani na hospitalini. Sehemu ya arobaini anausema tena, na wifi anamtazama kama anausikia leo. Hapo mimi nimeshatoka kwenye hadithi. Katika ukoo wa kweli, mtu mwenye msemo anajulikana kwa huo msemo! Wajukuu wanamwigiza akitoka chumbani. Mkwe anaumalizia kabla hajafika nusu. Mume anainuka kwenda kuangalia ng'ombe. Waandishi wetu wanampa mhusika maneno, halafu wanawanyima wengine masikio ya kuyasikia. Ninapotazama, kosa hili naliona mara nyingi kuliko lile la kurudia kwenyewe.

Kurudia si dhambi. Sote tumelelewa na kurudia. Bibi akisema paukwa, tuliitikia pakawa, na hakuna aliyechoka. Lakini bibi aliyasema hayo nje ya hadithi, kabla sungura hajatokea. Na ule wimbo uliokuwa ndani ya hadithi, ambao mtoto aliyepotea anauimba porini? Ulirudiwa mara tatu, mara nne, na kila uliporudi zimwi lilikuwa limekaribia zaidi. Maneno ni yaleyale, hatari imeongezeka. Mwandishi wa tamthilia hana haja ya kwenda Hollywood kujifunza hilo.

Nichukue mhusika wa kubuni, tumweke hapa Rungwe. Ni mama mtu mzima, ana shamba la parachichi, na msemo wake ni "Mimi sisemi kitu." Kila akisema hivyo, anafuatisha maneno ya dakika tano. Sehemu ya kwanza tunacheka. Ya tatu, mwanawe anamjibu, "Haya mama, usiseme," na yeye anaendelea vilevile. Ya kumi, mkwe anautumia msemo ule kumsuta mbele ya wageni, na mama anaumia. Sehemu ya ishirini wanaitwa kwa mwenyekiti wa kijiji: kipande cha shamba kimeuzwa, ni nani aliyetia saini? Macho yote kwa mama. Anasema, "Mimi sisemi kitu." Kisha kweli hasemi. (Ukumbi: aaah!) Mmeona? Hamkuhitaji muziki wa huzuni wala machozi.

Kuna kibwagizo kingine ambacho ni deni. Katika Game of Thrones, tamthilia ya koo zinazogombea ufalme iliyoanza mwaka 2011, ukoo wa Stark una maneno yake: majira ya baridi yanakuja. Sisi wa huku Juni na Julai hatuhitaji kuambiwa. (Kicheko.) Lakini kule waliambiwa kuanzia sehemu ya kwanza kabisa, na mpaka mwishoni mwa msimu wa sita, mwaka 2016, ndipo wahusika wakatamka kwamba baridi imeshafika. Miaka mitano mtu anakumbushwa ahadi! Inashika, kwa sababu kila maneno yakitajwa unajiuliza lini. Hasara yake ni kwamba siku ya kulipa, mtazamaji anataka na riba. Tamthilia ilipoisha mwaka 2019, wapo waliolalamika kwamba baridi waliyoisubiri miaka yote hiyo iliondoka upesi mno.

Vichekesho nitavipita haraka, maana sheria zake ni nyingine. Wachekeshaji wa Ze Comedy walipokuwa EATV, na baadaye TBC1 wakiitwa Orijino Komedi, kipande kilianza na kuisha chenyewe. Wiki iliyofuata mhusika alirudi alivyo na hakuna aliyemdai chochote. Huko kibwagizo ni chakula chenyewe. Tamthilia inadai watu wabadilike, na mtu anayebadilika huku kinywa chake kimesimama palepale ni vigumu kumwamini.

Nije kwetu kabisa, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Mmeshamwona yule dada wa kazi "kutoka Iringa". Anaingia na trei, anasema "kamwene" kwa lafudhi iliyovutwa mpaka ikakatika, watu wanacheka, anatoka. Kesho tena. Salamu ambayo Wahehe wanasalimiana kwa heshima imefanywa kibwagizo, na nyuma yake hakuna mtu. Ana mdogo wake anayesomeshwa kwa ule mshahara? Anamwogopa baba mwenye nyumba? Hatutajua, kwa sababu tukishacheka kamera inahama. Sisemi asisalimie. Asalimie! Ila nataka siku moja mama mwenye nyumba asikie ile kamwene imetoka tofauti, ajue kuna jambo, amfuate jikoni.

Linganisheni na Mkwaju, wale mnaokumbuka redio. Tamthilia ya redio Twende na Wakati ilianza Radio Tanzania mwaka 1993, na Mkwaju alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake njiani. Barabara kuu ya malori inapita hapahapa, Makambako, Uyole mpaka Tunduma, hivyo watu wa huku walimwelewa haraka. Tunu, mkewe, akamwacha. Yeye UKIMWI ukampata. Muulizeni mzazi aliyeisikiliza. Atawasimulia Mkwaju alifanya nini, si alikuwa na msemo gani.

Na msijidanganye kwamba kibwagizo kinaweza kutengenezwa kwa amri. Maneno maarufu kuliko yote ya Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga za juu, yale ya kumwomba Scotty, fundi wa chombo, amvushe mtu kwenda chomboni, hayakutamkwa hivyo hata mara moja katika mfululizo wa awali wa 1966 hadi 1969. Watazamaji waliyaunga wenyewe kutokana na maagizo yaliyofanana nayo. Mwandishi aliandika amri ya kazi, umma ukajichongea kibwagizo.

Ndiyo, dada pale nyuma. (Swali: mtayarishaji anataka kibwagizo kwa ajili ya vipande vya simu, nami ni mwandishi mchanga, nitamkatalia vipi?)

Usimkatalie, utakosa kazi. Mwandikie. Ila kila unapokiweka kwenye skripti, andika chini yake nani amekisikia na amefanya nini. Ukiona sehemu tatu mfululizo hakuna aliyefanya lolote, kifute kimyakimya, hatakumbuka. Akikumbuka na akawa mkali, mpe kibwagizo hicho mhusika ambaye unajua atakufa sehemu ya kumi na mbili.