Steringi Amekufa: Neno Langu Kuhusu Avengers: Endgame

Ndugu watazamaji wa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na popote mlipo, hamjambo. Leo ni Jumanne, tarehe 7 Mei 2019, na ninazungumza nanyi kutoka nyumbani kwangu, kusini mwa jiji la Atlanta, jimbo la Georgia. Kwa wale waliofunga, nawatakia Ramadhani njema. Nimeiona Avengers: Endgame, filamu ya mashujaa wa kampuni ya Marvel, mara mbili, na kwa siku kumi na mbili nimenyamaza kimya, kwa sababu waongozaji wake, ndugu wawili Anthony na Joe Russo, waliwaandikia mashabiki barua wakiwasihi wasiwaharibie wengine utamu, na jana Jumatatu ndiyo siku waliyoruhusu kimya hicho kivunjwe. Basi ambaye hajaiona azime video hii, aende kwanza akaione, kisha arudi, kwa maana nitasema kila kitu, pamoja na nani amekufa.

Nianze mbali kidogo. Sisi tuliokulia Tanga mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulizijua filamu kupitia vibanda umiza: banda la mabati, mabenchi ya mbao, luninga moja juu ya meza, na mkalimani mwenye kipaza sauti aliyetufasiria mikanda ya kigeni kwa Kiswahili huku akiongeza maneno ya kwake. Kiingilio kilikuwa shilingi mia moja. Katika banda lile palikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto wa miaka sita aliijua: steringi hafi. Steringi anaweza kupigwa risasi, kutupwa mtoni au kufungwa minyororo, lakini mkanda ukiisha ni yeye atakayekuwa amesimama. Mtu akishika kichwa kwa hofu, wenzake walimwambia atulie, steringi hafi. Mdogo wangu na mimi tuliendelea kuiamini sheria hiyo hata tulipoacha kwenda bandani na kuanza kununua CD, na ndivyo tulivyoitazama Iron Man, iliyotoka mwaka 2008, sebuleni kwa shangazi yetu, sauti tumeipunguza kwa kuwa alikuwa amelala chumba cha pili.

Kutoka filamu hiyo hadi Endgame ni miaka kumi na moja na filamu ishirini na mbili za Marvel, zenye kisa kimoja kinachoendelea. Mimi nilihama nchi katikati ya safari hiyo, mdogo wangu akaoa, shangazi akafariki, lakini kila filamu mpya ilipotoka tulipigiana simu. Mwaka jana, mwezi Aprili, Infinity War ilitufikisha mahali ambapo hatukupazoea: adui Thanos alikusanya vito vyote sita vya nguvu, akaalisha vidole vyake mara moja tu, na nusu ya viumbe wote wakageuka vumbi. Hata T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, ambaye miezi miwili tu kabla yake tulikuwa tukimshangilia katika Black Panther, alipukutika mbele ya macho ya Okoye, jemadari wake. Hata hivyo, nakiri kwamba sikuhuzunika sana wakati ule, kwa kuwa nilijua watarudi. Swali lililonikosesha raha kwa mwaka mzima lilikuwa jingine: wakirudi, nani atalipa?

Ni vizuri pia mjue kwamba filamu hii ilipigwa huku huku ninakoishi. Sehemu kubwa ya Infinity War na Endgame ilitengenezwa katika studio za Pinewood Atlanta, zilizoko Fayetteville, na ile nyumba ya mbao kando ya ziwa anakoishi Tony Stark, yaani Iron Man mwenyewe, na familia yake iko katika shamba lisilo mbali na hapa. Nimepita barabara za upande ule mara nyingi nikienda kazini, bila kujua kwamba nyuma ya miti ile kulikuwa kukifanyika msiba wa mtu niliyemfahamu tangu nikiwa na umri wa miaka kumi na mitano.

Nilikwenda Alhamisi, 25 Aprili, maonyesho ya jioni. Ukumbi ulijaa hadi safu ya mbele kabisa, ambako mtu hutazama huku shingo inamuuma, na filamu yenyewe ni ya dakika 181 bila mapumziko. Watazamaji wengi walikuwa Wamarekani weusi, wazee kwa vijana, wengine na watoto wao.

Kilichonishangaza kwanza ni kwamba filamu haina haraka. Thanos anauawa mapema mno, tena kwa pigo moja la Thor, na kifo chake hakisaidii lolote, kwa sababu vito amekwisha kuviharibu. Kisha yanatokea maneno yanayosema kwamba miaka mitano imepita, na ukumbi mzima ukanyamaza. Saa nzima iliyofuata ni ya watu waliofiwa. Steve Rogers, yaani Captain America, anakaa na kikundi cha watu wanaojaribu kuzungumza juu ya wapendwa wao waliotoweka. Scott Lang, yaani Ant-Man, anarudi bila kujua kilichotokea, anakimbilia mahali penye mawe yaliyoandikwa majina ya waliopotea, akilitafuta jina la binti yake na kuomba asilione, na analolikuta ni jina lake mwenyewe. Nilipoitazama sehemu hiyo niliwaza namna sisi tunavyoubeba msiba. Kwetu maiti huoshwa, huzikwa, watu hukaa matanga, husomwa hitima, na ikifika arobaini kila mtu anajua kwamba sasa jirani ameruhusiwa kuanza kuishi tena. Watu wa filamu hii hawakupata maiti ya kuosha wala kaburi la kumwagia maji, na ndiyo maana miaka mitano baadaye bado wamekwama palepale. Nimesoma wengi wakilalamika kwamba saa ile ya kwanza inachosha. Mimi naiona ndiyo inayoifanya filamu nzima iwe na uzito, na bila hiyo vita vya mwisho vingekuwa kelele tupu.

Ila kuna mawili ambayo siwezi kuyatetea. La kwanza ni Thor. Mtu huyu amefiwa na mama, baba, ndugu yake na nusu ya watu wake, naye anajilaumu kwamba angemlenga Thanos kichwani walipopigana katika Infinity War hayo yote yasingetokea. Anapoonekana amenenepa, analewa na kujifungia ndani, waongozaji wanatutaka tucheke kila anapovua shati. Ukumbi ulicheka, mimi sikuweza, kwa sababu nimemwona mtu wa namna hiyo hapa ughaibuni, akifa kidogo kidogo ndani ya chumba chake, na hakuna aliyecheka. Jambo zuri pekee kwake ni pale mashujaa wanaporudi nyuma katika wakati ili wavichukue vito na kuwarudisha waliotoweka, naye anakutana na mama yake angali hai, akamtambua mwanawe mara moja ingawa alikuwa amebadilika vile.

La pili, ambalo linaniuma zaidi, ni Natasha, yaani Black Widow. Yeye ndiye aliyebaki kuendesha shughuli za kundi wakati wengine wametawanyika, na ndiye anayejitupa kutoka jabali la sayari ya Vormir ili mwenzake Clint arudi kwa watoto wake na kito kipatikane. Baada ya hapo wanaume watano wanasimama kando ya maji, wanalia kwa dakika chache, basi. Tony amefanyiwa mazishi yenye umati wa mashujaa waliovaa nguo nyeusi. Natasha, aliyekuwa nasi tangu 2010, hakufanyiwa hata dua ya pamoja. Walioandika filamu ya saa tatu walikuwa na nafasi ya kumwekea walau mlango mmoja wa msiba.

Kuhusu safari za kurudi nyuma, New York ya 2012, Asgard ya 2013, kambi ya jeshi ya New Jersey mwaka 1970, sitajadili kama hesabu zake zinakubaliana. Zilinipa furaha ya kuzipitia tena filamu tulizozipenda, na hilo linanitosha.

Sasa nifike kwenye vita. Steve Rogers amesimama peke yake, ngao yake imevunjika nusu, anakaza kamba mkononi, na mbele yake kuna jeshi zima la Thanos, yule wa siku za nyuma, aliyewafuata mashujaa hadi wakati wao. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa ameinyanyua nyundo ya Thor, na watu walikuwa tayari wamepiga mayowe hadi sauti zimekauka. Kisha inasikika sauti ya rafiki yake mweusi Sam Wilson, mmoja wa waliotoweka, katika chombo cha masikioni, na nyuma yake linafunguka duara la kichawi la cheche za moto, na wa kwanza kutoka humo ni T'Challa, Okoye na Shuri, dada wa mfalme. Ndugu zangu, sijui nitumie neno gani. Mzee mmoja mbele yangu alisimama na kuikunja mikono kifuani kwa salamu ya Wakanda. Wanawake nyuma yangu walilia waziwazi. T'Challa alipowaita askari wake kwa Kixhosa, akisema Yibambe, nusu ya ukumbi ilimjibu kana kwamba imo katika safu ya jeshi lake. Nikakumbuka kwamba mwaka jana, mwezi Februari, onyesho la kwanza la Black Panther barani Afrika lilifanyika Kisumu, mji wa nyumbani wa Lupita Nyong'o, na nikawaza kwamba usiku huu huenda kuna mtu Kisumu anayemjibu T'Challa vivyo hivyo. Kwa muda ule sikuwa Georgia. Nilikuwa bandani Tanga, ambako hakuna aliyetazama mkanda kwa kimya, ambako tuliwaonya mashujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango, na tuliyeketi naye tukamshika bega ingawa hatulijui jina lake.

Ndipo lilipokuja lile nililokuwa nikiliogopa. Doctor Strange, shujaa mchawi, alikwisha kusema katika Infinity War kwamba ametazama nyakati 14,000,605 zijazo na kuona ushindi katika mmoja tu. Katikati ya vita anamtazama Tony na kuinua kidole kimoja. Hasemi neno, na Tony haulizi. Anavinyakua vito kutoka kwa Thanos, anajitambulisha kwa maneno yaleyale aliyoyasema mwishoni mwa filamu ya 2008, kwamba yeye ndiye Iron Man, kisha anaalisha vidole. Jeshi la adui linapukutika. Naye anaketi chini, nusu ya uso imeungua, na mkewe Pepper anamwambia kwamba sasa anaweza kupumzika.

Nyuma yangu mtoto mmoja, sauti yake ya miaka sita au saba, alimuuliza mama yake kama ataamka. Mama hakujibu. Mtoto akauliza tena, na bado hakujibiwa.

Nimesikia hoja kwamba Captain Marvel, mwenye nguvu kuliko wote, ndiye angevaa vito vile na kupona. Sikubaliani nayo hata kidogo. Tony tuliyekutana naye mwaka 2008 alikuwa muuza silaha, aliyejeruhiwa kifuani na kombora lenye jina la kampuni yake mwenyewe, akafungwa pangoni, na humo akajitengenezea kwa nyundo vazi lake la kwanza la chuma. Mwaka 2012 alilibeba bomu la nyuklia hadi upande wa pili wa anga, akaanguka kama maiti, na akaamka. Sheria ya bandani ilimwokoa. Safari hii ana binti, Morgan, anayemhadithia hadithi kabla ya kulala, na wenzake walipokuja kumwomba msaada aliwakatalia kwa sababu alikuwa na kitu cha kupoteza. Miaka kumi na moja imemtoa katika kujitazama yeye tu na kumfikisha hapo, na angeamka tena ningetoka ukumbini nikiwa nimedanganywa. Robert Downey Jr. hakuigiza kifo hicho kwa makelele. Alikiigiza kwa macho tu.

Kwa upande wa Steve, nilipenda kwamba alirudi kutoka siku za nyuma akiwa mzee, ameishi maisha yake na Peggy, mpenzi wake wa zamani, na kwamba ngao alimkabidhi Sam Wilson. Katika ukumbi uliojaa watu weusi wa Georgia, kuiona ngao ile yenye nyota ikiwekwa mikononi mwa Sam lilikuwa jambo lililofanya watu wavute pumzi. Hakuna aliyeshangilia. Walitazama tu.

Filamu imekwisha kupita dola bilioni 2 kwa siku kumi na moja, na najua wengi watazungumza juu ya fedha hizo.

Baada ya majina yote kupita, watu hawakuondoka, kwa kuwa tumezoeshwa kungoja kipande cha ziada cha filamu ijayo. Safari hii hakikuwapo. Skrini ilibaki nyeusi na nembo tu, kisha ukasikika mlio wa nyundo ikigonga chuma, mara kadhaa, ukanyamaza. Mdogo wangu aliiona Dar es Salaam siku mbili baadaye, lakini alitoka taa zilipowashwa, akawahi daladala ya mwisho. Aliponipigia aliniuliza mwishoni kabisa walionyesha nini. Nikamwambia hawakuonyesha kitu, ni nyundo tu iliyosikika ikigonga chuma. Alikaa kimya muda mrefu, hata nikadhani laini imekatika, kisha akasema, "Kaka, ni kule pangoni. Anatengeneza ile ya kwanza."