Kuchagua Kitabu cha Picha na Wimbo kwa Mtoto Mdogo, Hatua kwa Hatua

Habari za leo, ndugu mtazamaji. Na kwa wenzangu wa hapa nyumbani Dodoma, mbukwenyi. Nimeketi nyuma ya meza yangu ya vitabu, jirani na soko la Majengo, na anayeshika simu ni mtoto wa kaka yangu, ambaye nimemwahidi chipsi mayai iwapo mkono wake hautatikisika hadi mwisho. Mimi ni muuza vitabu vya watoto, kwa hiyo ufahamu tangu mwanzo kwamba nina maslahi yangu katika jambo hili. Hata hivyo, kabla ya kufungua meza hii nilifundisha darasa la awali kwa miaka tisa, na mengi nitakayokuonyesha niliyajifunza kwa kukosea mbele ya watoto thelathini na wanne.

Hatua ya kwanza ni kukichukua kitabu mkononi, na hiyo haihitaji mwalimu. Hatua ya pili ndiyo inayorukwa na wateja wangu wengi. Usianze na jalada, wala usianze na bei. Kifungue katikati, kisha usome kurasa tatu kwa sauti, papa hapa mezani, wauza nyanya wakikusikia. Usione aibu, kwa maana wameshazoea. Kitabu cha mtoto ambaye hajajua kusoma hupita kwanza mdomoni mwako ndipo kimfikie masikioni, na kama kinakukwama mdomoni saa hizi za asubuhi, kitakukwama zaidi usiku ukiwa umechoka na mtoto anakidai kwa mara ya tano.

Sikiliza kitabu hiki, ambacho jina lake nimelifunika kwa kidole: «Yeye alikuwa na furaha sana kwa sababu ya mpira wake mpya ambao ulikuwa ni mwekundu.» Sarufi yake haina kosa, lakini sijawahi kumsikia bibi yeyote, awe wa Kondoa au wa Kongwa, akimsimulia mjukuu wake namna hiyo. Sasa sikiliza hiki cha pili: «Mpira umedunda. Du! Du! Du! Umeingia kwa jirani.» Tazama jinsi nilivyotikisa kichwa bila kukusudia. Mtoto naye atatikisa, na usiku wa tatu atasema «du, du, du» kabla yako, na hapo ndipo utakapojua kwamba fedha yako haikupotea.

Hatua ya tatu ni ya picha. Yafunike maneno kwa kiganja, hivi, halafu ujiulize kama picha peke yake ina jambo la kusimulia. Sogeza simu karibu kidogo, mwanangu. Hapa maneno yanasema kwamba mtoto anamtafuta kuku wake na hamwoni. Ukitazama nyuma ya chungu, pembeni kabisa, utaona mkia wa kuku umechomoza, manyoya matatu tu, na maneno hayautaji mkia huo popote. Kitabu cha namna hii mimi ninakipenda kupita kiasi, kwa sababu mtu mzima anasoma maneno ilhali mtoto anasoma picha, na mtoto ndiye anayemgundua kuku kwanza. Pale ambapo picha inarudia tu yale yaliyokwisha kusemwa na maneno, mtoto hana kazi ya kufanya isipokuwa kusubiri ukurasa ufunuliwe.

Nisamehe, ndugu mtazamaji, upepo umefunua kurasa zote na vitabu viwili vimeanguka chini. Huu ni mwezi wa Agosti, na anayeijua Dodoma anafahamu vumbi la Agosti. Mwanangu, futa kioo cha simu kwa kitambaa, usitumie shati lako. Haya, tunaendelea, na nimeweka mawe juu ya vitabu.

Wazazi huniuliza kama picha ni lazima ziwe za mazingira yetu, zenye mibuyu, mbuzi na nyumba za tembe. Kitabu cha kwanza na cha pili, ningependa kiwe hivyo, ili mtoto aweze kunyoosha kidole kwenye ukurasa kisha akinyooshe uani kwa kitu kilekile. Baada ya hapo mlango uko wazi. Niliwahi kumsomea mtoto wa miaka minne kitabu chenye mashua baharini, naye hajawahi kufika pwani. Aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama lile ni bwawa la Hombolo. Tulizungumza kuhusu maji ya Hombolo na maji ya bahari hadi chai ikapoa. Kitabu kigeni hakina ubaya wowote, maadamu yupo mtu mzima wa kuulizwa maswali.

Kuhusu umri nitapita haraka. Mtoto aliyezaliwa karibuni huona vizuri zaidi vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni pake, yaani kama umbali kati ya titi na uso wa mama, na huvutiwa na michoro mikubwa yenye rangi zinazotofautiana waziwazi; picha ndogondogo zenye rangi hafifu humpita. Akifikia miezi sita, kila kitabu huishia kinywani, kwa hiyo mchagulie kitabu cha karatasi ngumu au cha kitambaa. Wa miaka miwili au mitatu anatosheka na sentensi moja au mbili kwa ukurasa, na anapenda maneno yanayojirudia. Wa minne na mitano anaweza kufuata kisa chenye mwanzo na mwisho.

Sasa geuza kitabu ukitazame mgongo. Vitabu vingi vyembamba vimeshikwa kwa pini mbili katikati. Pitisha kidole gumba juu ya pini polepole; ikikukwaruza wewe, itamkwaruza mtoto, na yenye kutu uirudishe mezani, hata kama meza hiyo ni yangu. Halafu uhesabu kurasa. Vitabu hivi hutengenezwa kwa karatasi kubwa inayokunjwa na kukatwa, ndiyo maana idadi ya kurasa zake kwa kawaida huwa 16, 24 au 32. Ukihesabu ukapata 22 kwenye kitabu cha mtumba, jua kwamba karatasi moja imechomoka, na kuna uwezekano mkubwa kwamba ndiyo ile ambayo fisi ananaswa. Nyuma, kwenye namba ndefu inayoanza na 978, ukikuta kwamba tarakimu zinazofuata ni 9976 au 9987, mchapishaji amesajiliwa hapa Tanzania. Hilo halikuhakikishii uzuri wa hadithi, lakini mimi huanza kutafuta Kiswahili laini katika rafu hiyo.

Najiharibia biashara, lakini nitasema. Kama huna fedha ya kununua, mradi wa African Storybook unaoendeshwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini unatoa bure hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na unaruhusiwa kuzichapa. Zisome kwa sauti kwanza, kama tulivyofanya na hizi za mezani, kwa sababu si zote zinazotiririka sawasawa.

Tuje kwenye muziki, ambako nina mengi ya kusema. Wimbo wa kuimba na mtoto mdogo huchaguliwa kwa kuzima simu. Usikilize mara mbili, zima, kisha ujaribu kuuimba mwenyewe ukiwa unapepeta mchele. Ukishindwa kukumbuka kiitikio, mtoto naye atashindwa. Ukiweza kuuimba lakini sauti ikakutoka nzito na ya chini sana, anza upya kwa sauti ya juu kidogo, kwa sababu koo la mtoto haliwezi kushuka ulikoshuka wewe. Akina baba hasa hukosea hapa, kisha hulalamika kwamba mtoto hana sikio la muziki. Nyimbo za kuitikiana zinafaa kuliko zote, kwa kuwa anayeanza kuongea anaweza kubeba kiitikio cha maneno mawili wakati wewe unabeba mengine.

Kwa hili sisi wa kanda ya kati hatuna haja ya kwenda mbali. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya kuitikiana kwa sauti zinazopandana, pamoja na zeze, marimba, na ngoma za muheme zinazopigwa na akina mama. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha muziki huo katika majukwaa ya nchi nyingi. Kama bibi yupo nyumbani, mwombe wimbo mmoja wa kubembelezea mtoto kabla hujafungua simu. Hapa kwangu ninayo marimba ndogo, hii hapa. Mtoto wa miaka mitatu huielewa mara moja: unabonyeza chuma kwa kidole gumba, chuma kinalia, na chuma kirefu kinatoa sauti nzito kuliko kifupi. Samahani, hiki cha tatu kimelegea na kinatetemeka vibaya. Kilikuwa sawa jana.

Ukipiga muziki kwa spika, kipimo cha sauti ni rahisi. Mkae mkono mmoja kutoka kwa mwenzako na mzungumze. Mkilazimika kupaza sauti ili msikilizane, punguza. Na usilazimishe video kila wimbo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wasiotimiza miaka miwili wasiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku. Najua ninasema hayo ndani ya video. Hii ni yako wewe mzazi, mtoto mpe kitabu.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika. Wengi wetu hatupakui nyimbo wenyewe. Tunampelekea kijana wa kibandani memori kadi, tunamlipa, naye anatujazia nyimbo za watoto. Sikiliza kila wimbo hadi mwisho. Narudia, hadi mwisho, si sekunde kumi za mwanzo. Katika sherehe ya kufunga mwaka kwenye shule niliyokuwa nikifundisha, niliweka wimbo mtamu wa kuhesabu vidole, watoto wakacheza, wazazi wakapiga makofi, mgeni rasmi akatabasamu. Wimbo ukaisha. Mimi nilikuwa nimeinama kumfunga mtoto kamba za viatu. Memori ikaendelea yenyewe na wimbo uliofuata, ambao maneno yake siwezi kuyatamka hapa, na watoto wale, kwa kuwa nilikuwa nimewafundisha vizuri sana kuitikia, wakaitikia. Nilikimbilia spika, nikabonyeza kitufe cha kuongeza badala ya kuzima.

Kwa hiyo, sikiliza wimbo hadi mwisho, sikiliza pia unaoufuata, kisha zitenge nyimbo za watoto kwenye memori yake peke yake isiyo na kitu kingine chochote. Kabla ya kumkabidhi mtoto spika, hakikisha umechagua wimbo mmoja ujirudie, au usimame kabisa ukiisha. Mwanangu, sogea hapa uwaonyeshe alama ya kurudia, ile ya mishale miwili inayozunguka. Iwapo huioni kwenye simu yako, kaa karibu na kitufe cha kuzima na usimfunge mtu viatu.

Hatua ya mwisho ni kuviunganisha. Usiimbe huku unafunua kurasa, kwa sababu mtoto ataacha kutazama picha afuate mkono wako. Mimi huanza kwa «hadithi, hadithi», nikijibiwa «hadithi njoo» ninasoma hadi mahali panapofanana na wimbo, nafunga kitabu kwa kuweka kidole ndani, tunaimba kiitikio mara mbili, kisha tunarudi. Kitabu cha kuku nimekipa wimbo wa kuita kuku kwa mtama, ambao mama yangu aliuimba uani na ambao hauna maneno zaidi ya matano.

Karibu, mama. Shikamoo. Huyu ni mjukuu? Ana miaka mingapi? Mitatu. Basi, mwanangu, usizime simu, tujaribu naye kama bibi yake anaruhusu. Njoo, baba, ukae hapa. Hadithi, hadithi! Anaona haya. Si neno, tuanze tu. «Kuku wangu yuko wapi? Nimemtafuta jikoni, simwoni. Nimemtafuta...»

Umemsikia? Sijamaliza sentensi, naye ameshaweka kidole kwenye yale manyoya matatu na anasema «huyu hapa», na sasa ameking'ang'ania kitabu na hataki nigeuze ukurasa. Bibi anauliza bei. Ni shilingi elfu nne, mama, na kwa kuwa mjukuu wako amenisaidia kazi, nipe elfu tatu na mia tano. Zima simu, mwanangu, upepo unarudi.