Kinundu Kisichouma: Mazungumzo na Wanavikoba wa Masasi

Shikamooni mama zangu. Asalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe. Mwenyekiti amenipa nusu saa, kwa hiyo naanza na lile ninalolisema kila ninapoitwa, nisije nikanyang'anywa muda kabla sijalifikia: kinundu kwenye titi kisichouma ndicho kinachotumaliza. Kinachouma nacho kaonyeshe, lakini hicho hakihitaji mhadhara wangu. Maumivu yenyewe yatakuamsha usiku na kukupeleka hospitali.

Nimekuwa muuguzi mkunga katika mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, kwa miaka mingi. Mwanamke anafungua blauzi, mimi nimeshaona kwa macho kabla sijagusa, na yeye ndiye ananituliza: "Halinisumbui, nesi. Haliumi." Mama zangu, nani alitufundisha kwamba ugonjwa ni maumivu tu? Saratani ya titi ikiwa changa kwa kawaida haiumi. Unapika, unalima, unabeba ndoo, unalala usingizi wako wote. Ikianza kuuma, mara nyingi imeshapata nafasi ya kutosha.

Kuna mama mmoja wa huko juu, upande wa Newala. Jina lake silitaji, na kijiji chake sikitaji. Alikiona kinundu wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, akiwa anaoga jioni kutoa ule unga mwilini. Kilikuwa na ukubwa wa korosho iliyobanguliwa, kigumu, hakiumi. Akamwambia wifi yake. Wifi akasema ni maziwa yaliyoganda, kwa kuwa mtoto aliachishwa karibuni. Akakandwa kwa majani. Akaenda zahanati, akapewa vidonge vya siku 7. Kinundu kikabaki. Akarudi, akapewa vingine. Kisha ukaingia msimu wa kuokota, na mnajua msimu wa kuokota haumsubiri mtu. Akasema mnada wa korosho ukiuza, pesa ikitoka chama cha msingi cha ushirika, ataenda Mtwara. Pesa ikatoka. Lakini Desemba ndiyo shule zimefungwa, na binti yake anachezwa unyago. Mama mwenye mwali ataondokaje? Wageni watakula nini? Akacheza ngoma, akamtoa mwali vizuri, watu wakasifu. Alipofika kwetu ngozi ya titi ilikuwa imekuwa nene yenye vishimo, chuchu imezama ndani, na kwapani nagusa matezi yaliyoshikana. Akaniambia lile lile: haliumi sana.

Alipelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Alipewa kwanza dawa za dripu ili uvimbe unywee ndipo apasuliwe. Alipasuliwa. Alifariki baadaye, na pale msibani nikamsikia mtu akisema: "Si mnaona? Waligusa kwa kisu, ikasambaa."

Hapo nitasimama kidogo, kwa sababu najua hata humu ndani wapo wanaoamini hivyo. Sindano ya kuchukua kinyama cha kupima maabara haisambazi saratani. Kisu cha daktari hakiisambazi. Mama yule hakuuawa na kisu, alicheleweshwa tangu salfa mpaka unyago. Tunawapeleka watu kwenye upasuaji ugonjwa ukiwa umeshatoka kwenye titi, umeshafika kwenye mapafu au ini au mifupa, halafu wakifa tunaulaumu upasuaji. Na wale waliowahi, wakapasuliwa, wakapona, hawatangazi. Wanafunga kanga yao vizuri, wanakaa nasi kwenye vikoba, na hatujui. Ndiyo maana mnayemjua ni yule aliyekufa tu.

Wengine mtaniambia: nesi, unatutisha, kila kinundu ni saratani? Hapana! Vinundu vingi vya titi si saratani. Kwa msichana wa miaka 20 mara nyingi ni kinundu laini kinachoteleza ukikigusa, hakina ubaya. Kuna vifuko vya maji. Kuna jipu la mama anayenyonyesha. Binti mmoja alikuja kwetu analia, ameshawaaga ndugu zake, tukampima, akarudi nyumbani kwa miguu yake na kinundu chake, na mpaka leo hakimdhuru. Lakini aliambiwa hivyo baada ya kupimwa. Si wifi aliyemwambia, wala mimi kwa vidole vyangu. Vidole peke yake havimalizi habari, hata vya daktari bingwa. Lazima mambo matatu yaende pamoja: kupapaswa na mtu aliyesomea, picha, na pale picha inapotia shaka, kuchukuliwa kinyama na kupimwa. Mwanamke mwenye umri mdogo picha yake kwa kawaida ni altrasaundi. Mwenye umri mkubwa zaidi anafaa pia mamografia, yaani eksirei ya titi.

Sasa, umekiona leo, ufanye nini? Kama bado unapata hedhi na matiti yako hujaa kabla ya siku zako, subiri hedhi hiyo moja ipite, jipapase tena. Kikiwepo, nenda. Usisubiri ya pili. Kama hedhi imeshakoma, nenda wiki hii hii. Na ukiona damu ikitoka kwenye chuchu, au chuchu iliyokuwa imesimama imeingia ndani, au ngozi imevutwa, au tezi kwapani, usisubiri hedhi wala nini.

Anza zahanati au kituo cha afya, lakini usiishie hapo. Ukipewa dawa, ukamaliza, na kinundu kipo, usiombe dawa nyingine. Omba barua ya rufaa. Sema kwa mdomo wako: "Dawa nimemaliza, uvimbe upo, naomba rufaa nikapigwe picha." Hospitali ya Mkomaindo ipo hapa hapa, Ndanda si mbali, Mtwara ipo Ligula, na ipo hospitali ya kanda pale Mitengo. Mtu wa Lindi ana Sokoine, ana Nyangao. Anayekutana na nesi mkali asirudi nyumbani, amtafute mwingine.

Na hili nawaomba mlishike kwa mikono miwili. Uvimbe ukitolewa mwilini mwako, mahali popote, usikubali utupwe. Nimewaona wanawake wenye kovu kwenye titi, ukimuuliza kilikuwa nini, anasema "walitoa tu." Walitoa wakapeleka wapi? Kile kinyama ndicho chenye jibu. Kinawekwa kwenye dawa, kinapelekwa maabara, kinasomwa. Hicho hicho ndicho kinachoonyesha, kama ni saratani, kama vidonge vya kuzuia homoni vitakufaa au dawa nyingine. Uliza: kimepelekwa wapi, majibu lini, nani atanipigia. Andika namba mbili za simu, yako na ya mtu asiyepoteza simu. Siku ya majibu ikipita, fuatilia. Shirika la Afya Duniani linataka kutoka mwanamke anapofika hospitali mpaka kujulikana ana nini zisizidi siku 60. Hesabuni siku zenu hizo. Karatasi ya majibu ni yako, iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa.

"Watanikata titi lote." Haliamuliwi kabla ya majibu. Kikiwa kidogo, mara nyingine hutolewa chenyewe na titi likabaki, kisha mionzi. Anayekuja nacho kidogo ana la kuchagua. Anayekuja nacho kimepasuka hana.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya wenye mama au dada aliyeugua, hao niulizeni nje. Wanaume mliosimama mlangoni, nanyi mna matiti na hii saratani inawapata, kwa uchache. Lakini zaidi ya hapo, nauli ya mkeo usiiweke mpaka mnada.

Makungwi mliomo humu, ninyi nawahitaji kuliko daktari. Mwanamke wa kwetu humwambia somo yake kabla ya mumewe. Akikwambia ana kinundu, usimpe jani, usimpe neno la kumtuliza. Shika mkono wake mwende naye kituoni, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe. Mwenzangu yuko chumba cha nyuma, pazia limefungwa, na barua za rufaa anazo. Aliye na kitu tangu mwaka jana aanze yeye.